Kiti Kinalia

Walinipigia Alhamisi, mvua ya vuli ikipiga bati la Unga Limited:
Bi. Tumsifu wa bohari, sauti ya mtu anayesoma orodha.
"Fundi Anaeli, njoo na vyombo. Kiti kinalia."

Kiti gani? Nilidhani cha mlinzi.
"Cha kati," akasema. "Kile kikubwa. Jumatatu kinakuja kwetu."
Kwetu, maana yake nchi. Zamu imetuangukia
kuketi mbele ya wenzetu mwaka mzima,
kugonga meza, kuita majina.

Nikapanda na Lomayani, mfuko wa misumari begani.
Mnara wa saa, kisha mijakaranda, zambarau imemwagika barabarani
na wafagiaji wanaizoa kwa ajili ya wageni
kana kwamba ua likianguka linageuka uchafu.
Getini nyundo yangu ilikaguliwa mara tatu.

Ukumbi mtupu.
Bendera zimesimama bila upepo wa kuzisemesha.
Fundi hupima kwa makalio, hilo sioni haya kulisema.
Nikakikalia, nacho kikalia.

Tukakipindua.
Bluu juu ya nyekundu, nyekundu juu ya kijani,
kijani juu ya ngozi iliyopasuka kama kisigino cha kiangazi:
kila zamu iligongelea juu ya zamu ya mwenzake,
hakuna aliyepata muda wa kung'oa.
Misumari mingine imepinda,
mkono ulikuwa na haraka ya kamera.

Na mguu wa nyuma, wa kushoto, mfupi kwa unene wa kidole.
Mtu alikuwa ameukanyagishia karatasi iliyokunjwa na kukunjwa.
Lomayani akaikunjua juu ya zulia, akasoma kwa sauti ya darasani:
Ajenda ya tisa. Ushuru wa mahindi mpakani.
Imeahirishwa.
Na chini yake, kwa wino mwingine: imeahirishwa.
Na tena, kwa penseli.

Shemeji yangu Ndeshukurwa ana siku ya nne Namanga,
analala juu ya magunia akisubiri muhuri.
Asubuhi alituma ujumbe: mahindi yameanza kufukuta.
Nilishika simu. Ningemwandikia nini?

Bi. Tumsifu akaitazama karatasi, akavua miwani.
"Hiyo ya zamani," akasema.
Halafu, akipangusa kioo kwa ncha ya kitenge:
"Si ya zamani sana."

Mke wangu naye ni mwenyekiti, wa kikoba, pale Sakina.
Hukalia kreti la soda.
Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu,
yeye hana hata mmoja.
Hufika wa kwanza. Huuliza nani hajalipwa.

Tuling'oa vyote mpaka mbao. Mninga mzuri, hauna kosa.
Nikauunga mguu, gundi na kamba usiku kucha.
Makumbi mapya, turubai jipya, kitambaa kimoja tu juu.
Springi nikazikaza kupita kawaida.
"Mzee, atakaaje hapa?" Lomayani akauliza.
"Atakaa. Ila hatazama."

Karatasi niliinyoosha kwa kiganja, nikaiweka mezani mbele ya kiti,
nikaibana kwa kinyundo chake cha kugongea.
Mikunjo haikutoka. Wala alama ya mguu,
duara jeusi, palepale penye tisa.

Jumatatu nilikuwa kwa kinyozi, Ngarenaro, runinga juu ya kioo.
Makofi. Bendera yetu ikasogezwa katikati.
Akaketi. Nikatega sikio: kimya.
Akajisogeza, akajisogeza tena,
kama aliyekalia kokoto.
Kisha akainamisha macho mezani,
mkono ukaenda kwenye kinyundo,

na umeme ukakatika.

Kinyozi akaweka mashine chini, nusu ya kichwa changu ikiwa bado,
akapapasa mkasi gizani.
"Walikuwa wamefika ajenda ya ngapi?"